Kijiko cha Kuonjea

Bi Mwiko hakupewa jina hilo na wazazi wake. Lilibandikwa na watu waliokula kwenye harusi alizopika. Jikoni kwake sheria ilikuwa moja, na haikuwa na mjadala: chakula hakitoki mpaka akionje yeye, kwa kijiko chake mwenyewe, sufuria ikiwa bado inatokota. Kijiko hicho hakikuguswa na mwingine. Aliyethubutu kusema chumvi haijakolea alionyeshwa mlango, awe shemeji, awe bwana harusi mwenyewe.

Leo mwanamke huyohuyo alikuwa ameshindwa kumlisha mtu mmoja, naye ni mumewe.

Mumewe alikuwa mnadi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kansa ikamkamata kooni. Mionzi iliyopelekwa kuiua ikamchubua na kinywa: ulimi, mashavu kwa ndani, hadi kooni, kote vidonda. Mtaalamu wa lishe pale hospitali, msichana mpole asiyependa kuzunguka mbuyu, alimpandisha kwenye mizani akaguna.

"Mama, baba anapungua mno. Akiendelea hivi, daktari atalazimika kusimamisha mionzi kwanza. Na sisi tukisimama, ugonjwa hausimami."

Akamweleza la kufanya. Baba asukutue mara kwa mara kwa maji yenye chumvi kidogo, apewe dawa ya ganzi ya kinywa kabla ya kula, na chakula kiwe laini, kisicho na pilipili wala ndimu, kilichotiwa maziwa, mayai na siagi. Tena kiwe cha vuguvugu au kilichopoa kabisa.

"Mwanangu, mimi nimeanza kupika hujazaliwa," alisema Bi Mwiko, mkono kiunoni.

Hata hivyo alifuata yote. Pilipili aliifungia kabatini kama mwizi. Alichuja supu, akaponda viazi kwa maziwa na siagi mpaka vikawa laini kabisa. Kila mara alionja, akaridhika kwamba ni vuguvugu, akapeleka. Mumewe alimeza vijiko viwili vitatu, machozi yakamlengalenga, akasukuma bakuli.

"Tamu, mke wangu. Nimeshiba."

Bi Mwiko aliona mumewe ameanza kukata tamaa, na moyo ukamuuma kuliko alivyowahi kuumwa na chochote.

Ndipo alipokuja wifi yake, dada wa mgonjwa, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alikuta supu ndiyo kwanza imewekwa mezani, akachota kijiko kabla kaka yake hajaigusa. Aliruka juu.

"Wifi! Unataka kumbabua kaka yangu?"

"Kumbabua na nini? Si vuguvugu hiyo!"

Bi Mwiko akachota kwenye bakuli lilelile, akameza bila kupepesa macho. Wifi bado alikuwa akiupepea ulimi wake kwa kiganja. Mgonjwa alijikaza asicheke, maana kucheka nako kulimuuma.

Hapo Bi Mwiko akaelewa. Ulimi ulioonja vyakula vinavyotokota miaka yote umeshakuwa sugu kama soli ya kiatu. Linalowaliza wengine, kwake ni vuguvugu. Siku zote hizo alikuwa akimwagia moto kwenye vidonda vya mtu anayempenda.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, huku analia.

"Nani amewahi kukuambia chakula chako kina kasoro akabaki salama?" mumewe alinong'ona.

Bi Mwiko alifuta machozi, akakiosha kile kijiko, akamtia mumewe mkononi.

"Kuanzia leo unaonja wewe. Na ukinidanganya tena, tutajuana."

Mgonjwa akaonja. "Bado." Supu ikawekwa kwenye beseni la maji baridi. Akaonja tena. "Bado." Akaonja. "Sasa." Akainywa hadi kitako cha bakuli kikaonekana.

Alikula hivyo, polepole, japo alisema kila kitu kina ladha ya karatasi iliyolowa. Mizani iliacha kushuka. Mionzi haikusimamishwa hata mara moja. Msichana wa lishe alipouliza siri ni nini, Bi Mwiko alinyoosha shingo: "Nimeajiri mwonjaji, mwanangu. Mkali huyo, hapitishi ovyo."

Matibabu yakaisha, vidonda vikafunga, lakini mgonjwa aliendelea kuonja. Mchana mmoja alitia kijiko cha supu mdomoni, akatulia, akakunja uso.

"Moto?" mkewe aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana," alisema, na sauti yake ya mnadani ilikuwa imeanza kurudi. "Haina chumvi."

Bi Mwiko alimkodolea macho. Kisha akatoka uani mbio, mwiko mkononi, kwa majirani waliokuwa wakianika nguo.

"Jamani, mmesikia? Mume wangu anasema chakula changu hakina chumvi!"

Hakuna aliyewahi kumwona amejaa fahari namna ile, hata kwenye harusi kubwa kuliko zote. Aliyarudia maneno hayo, asije akawepo ambaye hakusikia. Halafu akarudi jikoni, akaongeza chumvi.