Ziwa Juu ya Verona

Maji yaliingia shambani kwa Ismay Yearwood mchana wa jua kali, bila mvua na bila kelele. Alikuwa ameinama aking'oa muhogo ambao haujakomaa, na alipohisi ubaridi kwenye nyayo alidhani amekanyaga nyoka. Akatazama chini. Maji yalikuwa mazito kwa udongo, yakitambaa kati ya matuta, yakizama kwenye mashimo ya panya na kutoa mapovu. Siafu walikuwa wanapanda mashina ya mihogo kwa wingi mpaka mashina yakaonekana meusi. Aliendelea kung'oa. Mihogo ilikuwa myembamba kama vidole, lakini aliitia yote guniani, kwa sababu atakachokiacha leo kesho kitakuwa cha samaki.

Juu ya mteremko nyumba za Palo Hondo zilikuwa zinachomwa. Watu wa Mfereji, waliokuwa wanalijaza bonde maji ili meli zipite, walikuja na mafuta ya taa, wakatia moto nyumba moja baada ya nyingine ili mtu asirudi kulala humo. Ya Ismay iliteketea asubuhi. Aliitazama ikiungua akiwa amekaa nje juu ya kitanda chao, sufuria mapajani, na paa lilipoanguka alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina.

"Shemeji," Cuthbert Moe alimwita kutoka njiani. Cuthbert na Darnley, mume wa Ismay, walitoka Barbados kwa meli moja na kulala sitahani bega kwa bega, na tangu hapo walikuwa ndugu. "Behewa la mwisho linaondoka. Achana na huo muhogo, twende."

"Na Verona?"

Cuthbert alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Verona alikuwa mtoto wao wa pekee. Alizaliwa hapo Palo Hondo na kufa hapo hapo kwa homa ya mapafu, kabla hajajifunza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, mwaka ambao hospitali ya watu wa fedha ilijaa wagonjwa hadi barazani. Watu wa fedha ndio sisi tuliotoka visiwani, tuliolipwa kwa sarafu za fedha. Wamarekani weupe walilipwa kwa dhahabu. Basi kila kitu Panama, pale kwenye ukanda wa Mfereji, kilikuwa na upande wa dhahabu na upande wa fedha: duka, dirisha la posta, hospitali, hata makaburi.

Makaburi ya dhahabu yalikuwa yameshahamishwa. Cuthbert alikuwa mmoja wa waliofukua. Walipewa glavu, wakaonywa wasiimbe wala wasiteme mate, wakatoa mifupa na kuilaza kwenye masanduku yenye bati ndani. Treni iliyofungwa vitambaa vyeusi iliyapeleka masanduku hayo bandarini Colón, nayo yakasafiri kwa meli hadi kwao Marekani. Makaburi ya fedha, yaliyokuwa chini zaidi, karibu na mto, waliambiwa yatashughulikiwa baadaye.

Ismay alibeba gunia lake, akapanda behewa. Treni ilipopita karibu na makaburi aligeuka upande wa pili, kwa sababu alijua akiutazama msalaba wa Verona ataruka.

*

Walipewa chumba katika kambi mpya karibu na bwawa, chumba kimoja katika jengo refu la mbao, ambapo jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani. Darnley alikuwa anamimina zege kwenye bwawa hilo tangu likiwa shimo tu. Kila jioni alirudi na vidole vilivyopasuka kwa saruji, akavitia kwenye mafuta ya nazi.

"Umemwambia bosi?" Ismay aliuliza.

"Nitamwambia."

"Na juzi ulisema utamwambia."

"Ismay, yule si mtu wa kuvamiwa tu na maneno. Unasubiri awe ameshiba."

Kwa hiyo siku iliyofuata Ismay alipika kukuu, ule ugali laini wa kwao Barbados wa unga wa mahindi na bamia, akaweka na samaki wa chumvi, akapeleka bwawani mwenyewe saa ya mapumziko. Alisimama pembeni ya mumewe, asiondoke. Darnley alielewa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akamwendea bosi wa zege.

Bosi huyo, Haskell, hakuwa mbaya kwa jinsi mabosi walivyokuwa. Hakupiga watu mateke. Alimjua Darnley kwa jina, ingawa alimwita boi kama alivyowaita wote, na Darnley alikuwa na mvi.

"Bosi, naomba siku moja."

"Unaumwa?"

"Hapana, bosi. Nataka kwenda kumtoa binti yangu. Yuko Palo Hondo, na maji yanapanda."

Haskell alikunja uso. "Nani kamwacha mtoto kule? Si tuliwaondoa wote?"

"Yuko makaburini, bosi."

Bosi aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Kwa kitambo alionekana kama mtu yeyote aliyepigwa na habari mbaya. "Pole," alisema. "Pole sana. Mimi pia nina binti. Lakini nisikilize, boi. Nikikupa wewe ruhusa, kesho nitakuwa na foleni mpaka relini, kila mtu na maiti wake. Zege atamimina nani?"

"Sitamwambia mtu, bosi."

"Ukishamfukua utampeleka wapi? Huku juu makaburi yenu hayajapimwa bado."

"Nitapata mahali."

"Mwache apumzike. Litakuwa ziwa zuri lile, kubwa kuliko maziwa mengi duniani. Meli za mataifa yote zitapita pale. Hivi wangapi wanapata kulala mahali kama pale?" Akamtazama Ismay. "Huyu ndiye mama yake?"

"Ndiye, bosi."

"Mwambie nampa pole."

"Nimesikia," Ismay alisema. "Nipo hapa."

Darnley akamshika kiwiko upesi. Haskell hakukasirika. Alitoa sigara kubwa mfukoni mwa shati, akampa Darnley, naye akaipokea na kusema asante, bosi.

Njia nzima ya kurudi kambini Ismay alikuwa akiisikia ile asante. Kukataliwa alikutegemea.

*

Alikwenda ofisi ya afya kuomba kibali cha kufukua. Wakamwambia mambo ya eneo lililohamwa ni ya polisi. Polisi wakamwambia mambo ya maiti ni ya afya. Karani wa mwisho, kijana wa Saint Lucia aliyevaa kola nyeupe, alimnong'oneza kwa huruma, "Mama, usijichoshe. Wanasubiri maji yawamalizie kazi."

Ndipo akamwendea Cuthbert, ambaye alikuwa na mtumbwi wa kuvulia.

"Wakitukamata?" Cuthbert aliuliza.

"Nitasema nimekuiba wewe na mtumbwi wako."

Cuthbert alicheka kidogo, akachukua kasia.

Waliondoka asubuhi. Msitu ulikuwa umesimama ndani ya maji, majani yote yamekauka, na juu ya miti nyani walikaa wamekumbatiana wakilia kwa sauti nzito. Hawakuwa na pa kushukia. Walipita juu ya njia ambayo Ismay aliipitia miaka yote na ndoo kichwani. Aliijua kwa mwembe wa Bibi Prescod, ambao sasa ulibaki kilele tu.

Makaburi ya chini yalikuwa yamekwisha kuzama. La Verona lilikuwa juu kidogo, na msalaba wake, ambao Darnley aliuchonga kwa mbao za sanduku la baruti, ulikuwa bado unaonekana. Ismay aliruka majini kabla mtumbwi haujasimama. Maji yalimfika magotini. Akaanza kuchimba.

Kila sepetu moja ya tope aliyoitoa, maji yalirudisha nusu yake. Cuthbert alishuka naye, akazuia kwa ubao, kwa matete, mwisho kwa kifua chake, akilala pembeni ya shimo kama kizuizi. Ismay aliitupa sepetu, akapiga magoti na kuchimbua kwa mikono. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tu, ngoja kidogo, mama anakuja, usilie, sogea. Maji yalimfika kidevuni. Mkono wake ukagusa pembe ya sanduku.

"Nimemshika," alisema. "Cuthbert, nimemshika."

Boti ya injini iliwafikia wakiwa hivyo. Ndani yake kulikuwa na askari mzungu mchanga, uso umebabuka kwa jua, na wasaidizi wake.

"Tokeni humo. Eneo hili limefungwa."

"Namtoa mwanangu, bwana," Ismay alisema bila kunyanyua mkono wake kutoka chini. "Nimeshamfikia. Nipe muda kidogo tu."

"Una kibali?"

"Kinatolewa na nani?"

"Afya."

"Nilikwenda. Afya wamesema ni polisi."

Askari alifikiri. Ilionekana kweli anafikiri. "Basi mimi ndiye polisi," alisema, "na nasema hapana. Kufukua kaburi ni kosa, mama. Kuna magonjwa."

"Ni huyu tu. Ni mdogo. Hana uzito."

"Mtoeni."

Wasaidizi wake walikuwa watu wa fedha pia. Walimshika makwapani kwa upole, wakamvuta, naye hakupigana nao. Alikuwa ameng'ang'ania ile pembe ya sanduku tu. Walipomwinua, ubao uliooza ulikatika, akaja na kipande chake mkononi, na lile shimo likajaa na kutulia kana kwamba hakuna aliyewahi kuligusa.

*

Hakimu alimwachia Ismay kwa kuwa ni mwanamke. Cuthbert alifungwa kwa kuvunja makaburi. Alivishwa nguo za mistari na kutiwa mnyororo pamoja na wengine, wakawa wanapasua mawe ya barabara. Ismay alimpelekea chakula, mlinzi akakataa kukipokea. Cuthbert alimwona kwa mbali akainua nyundo kidogo kumsalimu.

Milango iliyobaki ya bwawa ilipofungwa, Wamarekani walipiga bendi. Darnley alirudi kambini na saruji mpaka kwenye nyusi.

"Mlango wa mwisho mmeufunga?" Ismay alimuuliza.

"Umefungwa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Tulikuwa wengi."

"Sikukuuliza wengi."

Darnley alikaa kitandani. "Nilikuwepo. Nilimimina kama nilivyoambiwa. Ningekataa, wangemsimamisha mwingine pale pale, na mimi na wewe leo tungelala njiani. Unataka niseme nini, Ismay? Sema wewe, nami nitasema."

Ismay aliinuka. Alimletea mafuta ya nazi, akaiosha mikono yake kidole kwa kidole, na wote wawili hawakutazamana usoni. Alipofika kwenye kidole gumba Darnley alianza kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika, naye Ismay akaendelea kuosha.

Mvua zilipokaribia kuisha, bomba liliwekwa katikati ya kambi. Wanawake walifurahi sana, maana walikuwa wanabeba maji kutoka mbali. Ismay alikwenda na ndoo yake kama wengine, akakinga, akajitwisha. Njiani akamuuliza jirani yake, "Maji haya wanayavuta wapi?"

"Ziwani, wapi kwingine? Wameyachuja vizuri, hayana hata harufu."

Ismay aliitua ndoo. Akaiacha pale pale njiani, akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo hakunywa maji ya bomba, wala hakuyapikia. Alikinga mvua kwa kila alichokipata: mabeseni, makopo ya mafuta, pipa lililokatwa. Majirani walisema Bibi Yearwood amechanganyikiwa. Baada ya muda Darnley naye akaanza kunywa kwenye pipa. Kiangazi kilipoingia walipunguza kuoga, kisha wakapunguza kupika. Midomo ya Ismay ilipasuka. Aliyafunika mabeseni yaliyobaki kwa magunia, akawa anayachungulia asubuhi na jioni kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Bwana Afya alikuja Jumapili, kabla ya watu kwenda kanisani. Alikuwa Mmarekani mnene, mpole, mwenye kofia pana, na alifuatana na msaidizi Mjamaika. Akafunua gunia la kwanza, akachota kwa kiganja, akawaonyesha watu waliokusanyika.

"Viluwiluwi," alisema. "Hawa ni mbu wa kesho. Tumezika watu wangapi nchi hii kwa ajili ya hawa? Nani mwenye maji haya?"

"Mimi," Ismay alisema.

"Mwaga."

Msaidizi alisita. "Nisamehe, mama," alinong'ona, "ni kazi." Akayapindua mabeseni kwa mguu, moja baada ya jingine, na mwisho akaliangusha pipa. Ardhi ya kiangazi iliyanywa yote kabla hayajafika mlangoni.

Bwana Afya hakutaka kumwacha hivyo. Alikwenda bombani mwenyewe, akalifungua, akasuuza kikombe, akakijaza na kumletea. "Mama, haya ndiyo maji. Safi kuliko tunayokunywa kwetu. Nyie ndio mliolijenga lile bwawa, basi kwa nini msifaidi? Kunywa nione. Kambi hii haina nafasi ya mtu anayefuga mbu, na wanaotaka chumba ni wengi."

Darnley alikuwa amesimama kizingitini na koti lake la kanisani. "Kunywa, mama Verona," alisema. Tangu mtoto afe hakuwa amemwita hivyo.

Ismay alikipokea kikombe. Kilikuwa baridi, kimejaa mpaka juu. Nyuma yake, kule bombani, wanawake walikuwa wameshapanga foleni na ndoo zao, wakimsubiri aliyesimama mbele ya bomba amalize, na mmoja wao akampigia kelele huyo wa mbele afanye haraka, watu wana kiu.