Mizani Amekwenda Kunywa Chai

Zahanati ya Kisima Saba ilikuwa ya sita na ya mwisho kwenye orodha yangu. Nilifika saa tatu asubuhi nikiwa nyuma ya bodaboda, vumbi la barabara ya Garbatulla limeniingia mpaka masikioni. Nilikuwa na kitambulisho kipya shingoni na simu ya kazi yenye maswali mia moja na kumi na mawili. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne tu iliyopita. Kazi yangu ilikuwa kukagua kama zahanati ndogo za huku kwetu Isiolo zina vifaa vya kutosha kutibu kifua kikuu, na niliamini kabisa kwamba nikijaza kila swali kwa ukweli, mambo yatanyooka.

Maswali matano yalikuwa na alama ya nyota. Swali la nyota halina mchezo. Zahanati ikikosa hata moja, fomu yenyewe inaandika kwa herufi nyekundu kwamba wagonjwa wote wa kifua kikuu wahamishiwe hospitali ya mjini.

Muuguzi wa pale aliitwa Hirbo, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe lililofupika kwa kufuliwa. Watu wote walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha.

"Karibu, dada. Tumekungoja tangu Jumatatu."

"Nilisema nitakuja Alhamisi."

"Ndiyo. Lakini nyinyi wakaguzi mnapenda kushtukiza."

Nje ya mlango, kwenye benchi refu, walikaa watu tisa. Mwanamke mmoja mwembamba, shanga zimejaa shingoni, alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambulisho.

"Wewe ndiye yule wa kufunga?" aliuliza.

"Kufunga nini, mama?"

"Dawa yetu. Tumesikia kuna msichana anakuja na simu, anabonyeza, halafu dawa inahamia mjini."

Jina lake lilikuwa Akuam. Alikuwa amemaliza miezi miwili ya dawa za kifua kikuu na bado minne, na kila wiki alitembea saa moja kuja kuchukua za kwake.

"Mimi sifungi," nilimwambia. "Nakagua tu."

"Sawa. Nina watoto watatu na mbuzi kumi na wawili, na baba yao yuko mbali na ng'ombe. Mjini ni siku nzima kwenda na kurudi. Ukinihamisha, hao mbuzi utawaandikia rufaa pia?"

Fomu yangu haikuwa na swali hilo. Nilimwambia nitafanya niwezalo, nikaingia ndani nikiwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimempenda tayari, na mkaguzi hatakiwi kumpenda mtu kabla ya swali la kwanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Dawa zilikuwepo na tarehe zake hazijapita. Vikopo vya makohozi vilikuwepo. Pikipiki ya kupeleka makohozi maabara ilikuja Jumanne na Ijumaa, mvua isiponyesha.

"Madirisha yanafunguka ili hewa ipite?"

"Hayajawahi kufungwa, dada. Hayana vioo."

Nikampa alama zote za hewa. Kisha nikafika kwenye nyota ya tatu.

"Mizani ya kupimia watu wazima ipo?"

"Yuko," alisema Hirbo.

"Inafanya kazi?"

"Anafanya. Vizuri sana."

Sikushtuka. Nimezaliwa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo mjini, na kwetu kiti anavunjika, gari anachelewa, na mvua amekataa kunyesha. Mtu akianza kusahihisha ngeli Isiolo hatapata nafasi ya kula. Nikabonyeza Ndiyo mara mbili.

"Inatumia umeme au betri?"

"Hapana. Chai tu."

Nilicheka kwa adabu, nikaandika kwamba haihitaji umeme.

"Mara ya mwisho ilisahihishwa lini?"

Hirbo alitazama dari akihesabu. "Mwezi wa tatu. Alipata miwani."

Kidole changu kilisimama juu ya simu. "Daktari, hiyo mizani iko wapi?"

"Amekwenda kunywa chai. Anakuja sasa hivi."

Na kweli alikuja. Alikuwa mzee wa Kiturkana mwenye kofia ya manyoya, mswaki wa mti mdomoni na miwani minene puani. Alinipa mkono, akashikilia wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama anayepima papai.

"Huyu ni Mzee Lopeyok," Hirbo alisema bila kunitazama usoni. "Mizani yetu."

Ikabidi anieleze. Zahanati ilikuwa na mizani nzuri mpaka sherehe ya mwaka jana ya siku ya kifua kikuu, ambapo mgeni rasmi, mtu mfupi mwenye mwili, alisimama juu yake akihutubia ili watu wa nyuma wamwone. Alihutubia saa nzima. Mizani haikuamka tena. Hirbo aliandika barua tatu kuomba nyingine. Alipokuwa akingoja majibu alimkumbuka Mzee Lopeyok, aliyekuwa dalali wa mifugo mjini kwa miaka thelathini na minane. Mzee akimwangalia fahali akipita tu, anakutajia kilo zake.

"Umenidanganya," nilisema.

"Nilijibu ulichouliza. Uliuliza kama yuko."

"Niliuliza kama ipo."

"Dada, mimi ni Mborana. Hizo za ipo na yupo zilinishinda darasa la nne."

Mzee Lopeyok alikuwa ameshaanza kazi. "Simama, mjukuu wangu. Tembea mpaka mlangoni. Geuka. Rudi." Alinizunguka mara moja, akainama kunichungulia mdomoni.

"Meno tuliacha, mzee," Hirbo alimkumbusha. "Tulikubaliana."

"Mazoea." Akajiweka sawa. "Sitini na saba."

Madirisha yasiyo na vioo hupitisha hewa, na sauti pia. Benchi lote lilisikia.

"Sitini na mbili," nilisema haraka. "Mimi nina sitini na mbili."

Huo ulikuwa uongo. Kwenye kila zahanati nilipanda mizani mwenyewe ili kuijaribu, na mizani tano kwa siku nne zilikuwa zimeniambia jambo moja lile lile. Lakini kwenye benchi kulikuwa na vijana wawili wa rika langu, na mmoja alikuwa ameniletea kiti nilipofika.

"Basi mzee amekosea," Akuam alisema dirishani.

"Sijakosea. Labda hizo tano aliziacha nyumbani."

Nilirudi kwenye simu nikabadilisha jibu. Hapana. Herufi nyekundu zikatokea pale pale, kama zilikuwa zinangoja. Hirbo alizisoma juu ya bega langu, akakaa polepole kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Huyo mzee hajawahi kukosea," alisema.

"Nani amemhakiki?"

Nilimwonyesha jedwali la dawa ukutani, ambalo alilijua kuliko mimi. Mgonjwa aliye chini ya kilo arobaini anameza vidonge viwili kwa siku. Kuanzia arobaini, vitatu. Akuam alianza na thelathini na sita, na asubuhi hiyo Mzee Lopeyok alikuwa amemtazama akasema arobaini na moja.

"Akiwa amekosea kwa kilo mbili tu, tunampa dawa nyingi mno," nilisema. "Na tukiogopa tukabaki na viwili, huku yeye amefika arobaini kweli, dawa inakuwa ndogo na ugonjwa unaizoea. Hapa karibu hakuna mizani nyingine?"

"Iko ya Mama Wakonyo. Lakini hiyo ni ya vyuma."

Tukaondoka wote, maana benchi zima lilikataa kubaki. Mama Wakonyo alinunua vyuma vikuukuu na ngozi nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye aproni ya ngozi na ulimi ulionolewa. Mizani yake ilikuwa ya bamba la chini, na saa yenye mshale.

"Watu?" alisema. "Mimi hapa napima injini na masufuria. Haya, msichana wangu, panda. Lakini ukivunja, umenunua."

Akuam alivua viatu, akapanda, akashika pumzi. Mshale ulitikisika ukasimama kwenye thelathini na tisa.

Hirbo alikuwa ameshafungua daftari. Kalamu yake ilibaki hewani.

"Hiyo mizani ni mgonjwa," alisema Mzee Lopeyok.

"Mzee, usiniharibie jina. Macho yako yana miaka sabini."

"Sabini na tatu. Na hayajawahi kulala nje mvua ikinyesha."

"Sasa mimi ni viwili au ni vitatu?" Akuam aliuliza. Hirbo alinitazama, nami nikamtazama Mzee Lopeyok. "Naona hata hamjui. Haya, nihamisheni tu."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesema sawa, halafu akainama kuvaa viatu vyake na akakawia kuvivaa.

Tulihitaji kitu chenye uzito unaojulikana. Mfuko wa saruji ulipatikana, lakini ulikuwa umeshaanza kutumiwa. Dumu la maji lililetwa, ukazuka ubishi kama lita ishirini ni mpaka shingoni au mpaka mdomoni, na ubishi ule ungetupeleka hadi adhuhuri. Mimi nilisimama nikimtazama Akuam. Uzito unaojulikana ulikuwepo. Ulikuwa umevaa kitambulisho.

"Mimi najua kilo zangu," nilisema.

"Sitini na mbili," mmoja wa wale vijana alinisaidia.

Nilivua viatu nikapanda. Mshale ukaenda mpaka sitini na tano.

Mama Wakonyo alipiga makofi. "Haya. Mzee sitini na saba, mizani sitini na tano, mwenyewe sitini na mbili. Kila mtu na yake."

"Sitini na saba," nilisema.

"Umesemaje?"

"Nina kilo sitini na saba."

"Wa nyuma hawajasikia, mjukuu wangu," alisema Mzee Lopeyok, na sidhani alikuwa na haja ya kusema hivyo.

"Nina kilo sitini na saba," nikasema kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. "Mizani tano nzuri zimesema hivyo, na ya tano ni ya jana jioni. Hii ya hapa inapunguza kilo mbili."

Halafu watu, ambao wengi wao walikuwa wamewahi kuleta vyuma pale, waligeuka wakamtazama Mama Wakonyo.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Hata mimi nataka kujua." Akachukua spana mwenyewe, akapiga magoti, akalifungua bamba. Chini yake kulikuwa na udongo uliogandamana na mavi ya mbuzi, na katikati kipande cha bati kimekwama, kimelishikilia bamba upande mmoja lisishuke. Alikigeuzageuza mkononi. "Kumbe ni wewe," alikiambia kipande cha bati. Kisha akawageukia watu. "Walioleta vyuma tangu mvua, waje kesho nipime upya. Nimesema kesho. Leo nina aibu."

Alikwangua, akafuta, akafunga. Nikapanda tena: sitini na sita. Akakaza kitu. Sitini na nane. Akalegeza. Nilipanda na kushuka mara sita, na kila mara yule kijana aliyeniletea kiti alitangaza namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Mwisho mshale ukasimama kwenye sitini na saba, tukamwita Mama Wakonyo fundi.

"Panda, Akuam," alisema Hirbo.

Arobaini na moja.

Tulitazama mshale wote pamoja. Mzee Lopeyok alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, akaivaa tena.

Mama Wakonyo alikubali zahanati iitumie mizani kila asubuhi, mradi saa sita iwe imerudi. Ilipopakiwa kwenye mkokoteni nilimpigia simu msimamizi wangu mjini, Faiza, ambaye hana muda wa maneno mengi.

"Mizani ipo zahanatini?" aliuliza.

"Iko njiani, inaingia."

"Inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Ilisahihishwa lini?"

"Leo, saa tano."

"Kwa kutumia nini?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Kwa kutumia mimi."

Nilimsikia Faiza akiandika. "Weka kwenye maelezo kwamba ni ya kuazima," alisema mwishowe. "Ukiiona kwa macho yako chumbani, nyota inapita. Lakini wawe na ya kwao ndani ya siku thelathini, na barua ya kuiomba uilete wewe mwenyewe mezani kwangu."

Barua tuliiandika na Hirbo pale pale, ya nne. Alitaka kuanza na salamu ndefu, nikamwomba aanze na mizani. Kisha mkokoteni ukafika, watu wanne wakaingiza mizani chumbani, nikaipiga picha. Nikabonyeza Ndiyo, na zile herufi nyekundu zikafutika.

Hirbo alihesabu vidonge vya wiki, vitatu kwa kila siku, akampa Akuam vya siku hiyo pamoja na kikombe cha maji. Akuam alivitazama kiganjani.

"Nimenenepa, ndiyo mnaniongezea adhabu?"

"Ndiyo, dada. Meza."

Akameza kimoja, cha pili, cha tatu, akakunja uso, akanyoosha kadi yake. Hirbo akaandika tarehe ya wiki ijayo.

"Na wapi?" Akuam aliuliza. Hakujua kusoma, na aliniuliza mimi, si Hirbo.

Nilimwekea kidole chini ya maneno mawili yaliyoandikwa mbele ya tarehe. "Hapa. Kisima Saba."

Aliyaangalia kwa muda, akaikunja kadi, akaiingiza chini ya shanga, akatoka. Mbuzi wake walikuwa hawajanyweshwa maji.