Sauti Kwenye Kiti cha Kinyozi

Haki ya Mungu, haya sikuyatia chumvi hata punje. Anayebisha akaulize mtaani.

Jumamosi asubuhi kinyozi alikuwa akimnyoa fundi viatu. Alimfunga shuka shingoni, akapuliza meno ya mashine, akaigusisha kisogoni. Fundi viatu akasinzia, kama wateja wengi. Kisha akafungua mdomo, akasema kwa sauti isiyo yake, "Usiende. Nimekuweka hapa."

Kinyozi akamalizia upande wa kushoto. Fundi viatu alipoamka alijitazama kiooni, akasifia ndevu, akaondoka.

Kinyozi alikuwa akiisubiri sauti hiyo. Mama yake alimzaa mgonjwa, akaahidi kwamba akipona atakuwa padre. Sasa nafasi ya seminari ilikuwa imepatikana, na mwenyewe moyo ulikuwa unasita. Padre wa parokia alimwambia, "Mungu hapigi tarumbeta, mwanangu. Msikilize kwenye kazi yako ya kila siku." Basi akasikiliza.

Muuza mkaa alisema yale yale, kwa sauti ile ile ya chini, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mtoto mchanga asiye na jino hata moja naye akasema, tena kwa matamshi mazuri.

"Mjibu basi kuwa umesikia," mama wa mtoto akamwambia kinyozi, "apate kulala."

Kinyozi akamwita mama yake na padre. Wakakaa kwenye benchi. Kitini alikuwa mjomba wake, mtu wa safari nyingi. Mashine ikanguruma, mjomba akainamisha kichwa.

"Usiende. Nimekuweka hapa."

Padre akavua kofia. "Ni Yeye."

"Namsikia, mimi si kiziwi," mama akasema. "Lakini si angesema mapema, Padre? Kanzu imeshashonwa. Mtaa mzima unaniita Mama Padre."

"Mama, mimi sitaki kwenda."

"Wewe nyoa. Mjomba wako atatoka hapa na nusu kichwa."

Padre akaigeuzageuza kofia. Parokia yake haikuwahi kutoa padre hata mmoja, na askofu alikuwa ameshaambiwa. Akasema huenda sauti ilikuwa inamkataza mjomba safari zake.

Jumatatu kinyozi akaenda. Mashine aliziacha zimepakwa mafuta.

Siku hizi anayenyoa ni binamu yake. Wateja wanasinzia vilevile, ila sauti inauliza swali moja tu: "Yuko wapi?"

"Seminari, Bwana," binamu hujibu, akigeuza kichwa cha mteja upande wa pili. Mteja anayefuata anauliza tena.

Mimi mwenyewe nimekaa kile kiti, nikahisi ulimi wangu ukitumika bila mimi. Nilipokuwa nawasimulia wenzangu hivyo barazani, mke wangu akapitisha kiganja kwenye kichwa changu, kinachong'aa kama sahani.

"Baba watoto, wewe na kinyozi wapi na wapi? Unywele wako wa mwisho si tuliuzika pamoja?"

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Nikawanunulia chai wote. Kikombe kimoja nikampelekea binamu. Nilimkuta kasimama, mashine imezimwa mkononi. Akanionyesha ishara ya kunyamaza, kisha akakiinamia kiti.

"Nimeshasema, Bwana," alinong'ona. "Seminari."

Kitini hapakuwa na mtu.