Tezi Tupu

Kwa miaka kumi na tisa Bi Mbu alikuwa akilea mbu katika maabara ile, na jina hilo la kazini lilikuwa limemganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliwanywesha maji ya sukari kwa pamba, akawalisha damu ya uvuguvugu, na angeweza kumpasua mbu kwa sindano mbili akamtoa tezi za mate nzima, bila kukatiza umbea aliokuwa akiusimulia. Kwa hilo hakuna aliyemfikia. Kisha mdogo wake akaajiriwa palepale.

Huyo, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, ni Bi Mbu mwenyewe aliyemfundisha kushika hadubini. Sasa alirudi na shahada ya udaktari, akapewa meza ya dirishani, na ndiye aliyempangia dada yake kazi. Kila alipoitwa "Daktari," Bi Mbu alijifanya anahesabu mbu. Hata mama yao siku hizi alikuwa na wimbo mmoja tu: mwanangu anatoa majini kwenye malaria.

"Ni jeni, mama, si jini," Bi Mbu alimsahihisha.

"Vyovyote. Wewe ulishatoa hata moja?"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kimelea cha malaria hakiishi bila hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake. Kikiwa ndani ya damu ya mtu, hemu imekizunguka kila upande. Hata hivyo kina uwezo wa kujitengenezea yake. Ya nini, wakati ya bure ipo? Kitinda akaiondoa jeni ya kutengenezea hemu, aone kama kimelea kitakufa.

Hakikufa. Kilistawi kwenye damu kama vile hakijaguswa.

"Daktari, umemfungia tajiri jiko, kumbe anakula hotelini," mkuu wa maabara alisema kikaoni. Watu wakacheka. Kitinda naye akacheka, ila masikio yalimwiva. Bi Mbu aliinamia daftari lake kuficha tabasamu, na mchana ule alikula mpaka akalamba vidole.

Zilibaki hatua za ndani ya mbu. Kizimba kimoja kilikuwa na mbu waliokula damu yenye vimelea vya kawaida, cha pili waliokula damu yenye vimelea vya Kitinda. Siku ya kumi na nane Bi Mbu akaanza kupasua. Kwenye mbu wa kizimba cha kwanza, tezi za mate zilijaa vimelea vyembamba vinavyojipinda. Kwenye wa cha pili, hamna kitu. Akapasua kumi. Akapasua ishirini. Tupu. Akaangalia matumbo: vifuko ambamo vimelea hukulia vilikuwepo, lakini ndani hapakuwa na hata kimoja kilichokomaa.

Akaelewa papo hapo. Mbu humeng'enya mlo wake wa damu ukaisha, na baada ya hapo kimelea hakina pa kuchukua hemu, sharti kijitengenezee. Mdogo wake alikuwa amegundua jambo kubwa, na aliyelijua duniani ni Bi Mbu peke yake.

Saa nane mchana alimfuata Kitinda mezani.

"Kizimba chako wamekufa wote. Mashine ya unyevu ilizima."

Alikuwa amejiandaa kwa maswali. Kitinda alishusha pumzi tu.

"Basi. Wewe ukisema wamekufa, wamekufa."

Hakwenda hata kuchungulia. Akavuta kompyuta, akaanza kuandika barua ya kuomba utafiti ufungwe.

Kuaminiwa huko kulimkera Bi Mbu kupita kiasi. Laiti yule mtoto angekuwa na kiburi, angalau Bi Mbu angepata pa kumshikia! Kesho yake asubuhi, hata mkoba hajautua, akamwekea Kitinda slaidi mezani.

"Nilikudanganya. Angalia."

Kitinda aliangalia ya kwanza, ya pili, ya tano. Alipoinua uso, ulikuwa mkavu.

"Kwa nini, dada?"

"Wivu."

"Barua nilishaiandika. Ungeniacha niipeleke?"

Bi Mbu alianza kuzipanga slaidi upya. Kitinda akageukia dirishani.

Siku tatu waliongea kwa vikaratasi vya kubandika mlangoni. Siku ya nne Bi Mbu akashindwa kuvumilia.

"Ile malighafi ya hemu ambayo kimelea chako hakiwezi kuitengeneza, tuitie kwenye maji ya sukari wanayokunywa mbu. Kikikomaa, hakuna atakayesema mbu wangu walikuwa wagonjwa."

"Hilo nililifikiria jana," alisema Kitinda.

Moyo ukamchoma Bi Mbu upya. Kumbe hata hili!

"Ila sijui niweke kiasi gani mbu wasife," Kitinda akaongeza.

"Hicho nakijua mimi."

Wakarudia kazi yote tangu mwanzo, na safari hii, mbu waliopewa malighafi tezi zao zilijaa vimelea. Kikaoni mkuu alisimama kumpa Kitinda mkono. Kitinda akasema kila tezi ilipasuliwa na dada yake, na kipimo cha malighafi ni chake pia. Watu wakageuka, wakapiga makofi. Bi Mbu alifurahi, kweli alifurahi, na bado ilimuuma, kwa kuwa hata sifa yake ilibidi ipitie kinywani mwa mdogo wake.

Wakiwa koridoni Kitinda akasema, "Sasa tuangalie kwenye ini, kabla kimelea hakijafika kwenye damu. Utanisaidia?"

"Nitakusaidia. Ila uje uvione vizimba mwenyewe. Usiniamini vile tena."

"Hilo nilishaliamua," alijibu Kitinda, akatangulia kwenda kuvaa koti.