Kiti cha Mbele cha Pijo

Kwa Khamisa kulikuwa na desturi moja tangu mumewe akiwa hai. Fundi aliyerekebisha valvu za gari lake, ile Pijo kuukuu, ndiye aliyeketi mbele safari ya kwanza ya msimu ya kupanda Mbooni kununua maparachichi, ili asikilize kazi ya mikono yake. Miaka yote watu wa soko la Tulia walimwona Nzioka kwenye kiti hicho, kiwiko nje ya dirisha, shati limepigwa pasi.

Mwaka huu gari lilipelekwa kwa Katunge.

Katunge huyo huyo aliyefundishwa na Nzioka kushika spana. Sasa alikuwa na banda lake la mabati ng'ambo ya barabara. Nzioka alijifanya anasugua plagi, kumbe jicho liko kule. Alimwona akingoja injini ipoe kabisa, akifungua kifuniko, akipitisha kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya kila valvu, akilegeza, akikaza, akipima tena. Hata namna ya kushika bisibisi aliitoa kwake. Roho ikamuuma kama mtu anayeibiwa huku akiangalia.

Injini ilipowashwa ikagonga, tak tak tak. Katunge akaeleza kwamba mlio huo si ugonjwa, lakini Khamisa hakutulia. Jioni akapitia kwa Nzioka kuuliza kama ndivyo inavyotakiwa.

Nzioka alijua ndivyo. Nafasi ndiyo inayogonga; valvu ikipata moto hurefuka, na usipoiachia nafasi haifungi, injini ikakosa nguvu. Somo hilo alimpa Katunge yeye mwenyewe. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa.

"Niachie gari hadi asubuhi, mama," akasema. "Nitalinyamazisha."

Alfajiri akazikaza valvu zote. Alijiambia ni safari moja tu, wakirudi atazilegeza, nani atajua. Injini ikawaka laini kama cherehani iliyotiwa mafuta. Khamisa akafurahi, akakipangusa kiti cha mbele kwa leso yake, akamwambia fundi wake apande.

Katunge alikuwa ameomba lifti kwenda kumwona mamake huko Mbooni. Akaketi nyuma na makreti matupu. Nzioka akageuka, akamuuliza kwa sauti ya asali anaisikiaje injini.

"Imenyamaza sana, mwalimu," akasema Katunge, akatazama nje.

Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri. Mlimani gari likaanza kuchoka, Khamisa akashuka gia ya pili, akashuka ya kwanza, hatimaye likatetemeka na kuzimika kando ya shamba la mahindi. Boda boda ikawapita, abiria amekumbatia kuku. Khamisa akamtazama Nzioka. Nzioka akatazama mahindi.

Katunge alisema wangoje ipoe. Ilipopoa akafungua kifuniko, akajaribu kupitisha kibati, kikakataa. Akainua macho yakakutana na ya Nzioka, na Nzioka akangoja kutajwa. Heri angetajwa.

"Ni joto la mlima, mama," Katunge akamwambia Khamisa. "Gari la zamani lina mambo yake. Mwalimu, nizungushie injini kwa hendeli."

Nzioka akazungusha, jasho likimwingia machoni, huku mwanafunzi wake akilegeza valvu moja baada ya nyingine. Injini ikawaka, tak tak tak, na safari hii ikawa na nguvu. Khamisa akasema kuanzia leo afadhali kelele, akamwita Katunge aje mbele.

"Hapana, mama. Mbele ni pa mwalimu." Akamfungulia mlango.

Kama angemcheka ingekuwa rahisi zaidi. Nzioka alipanda kwa sababu hakujua aende wapi kwingine, na kiwiko hakukitoa nje ya dirisha. Mlima wote injini iligonga mbele ya magoti yake. Alitega sikio kwa kila valvu, akitafuta japo kosa dogo, mpaka wakafika Mbooni, na hakulipata.