Mswaki wa Kitonga

Binti yangu Munyiva amepata dini mpya huko Syokimau: hataki kuona plastiki. Alifika hapa Wamunyu na gunia, akavamia bafu langu kama askari anayesaka chang'aa. Chupa za shampuu, viwembe vya kutupa, mikebe ya mafuta, vyote ndani. Akaniwekea sabuni ya kipande na mswaki wa mbao. Sikubishana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba hii ilikuwa haijasikia sauti ya mtu kwa muda mrefu.

"Mwaitu, nitoe miswaki za zamani?" aliniuliza kutoka bafuni, akiniita mama kwa Kikamba chetu.

Nilikuwa nje nikichagua maharagwe. Nikadhani anasema ile aliyoiona kwenye karakana ya kuchongea, ambayo marehemu baba yake, Kitonga, alisugulia vumbi kwenye vinyago vyake. Kwa wachongaji mswaki haustaafu, unabadilisha kazi tu.

"Toa yote, mwanangu," nikamjibu.

Alipoondoka nikaenda kunawa. Kikombe cha bafuni kilikuwa na mswaki mmoja tu, ule wangu mpya wa mbao.

Tangu tumzike Kitonga, miswaki ilikuwa miwili: wangu, na wake wa bluu. Sina wazimu, nilijua harudi kuutumia. Lakini kila asubuhi nilikuta bado tuko wawili. Sasa nilikuwa peke yangu hata kikombeni, na iliniuma sana.

Nikampigia simu.

"Gunia nimeshapeana kwa watu wa kukusanya plastiki hapa Machakos," akasema. "Kwani kulikuwa na kitu?"

"Mswaki wa baba yako."

Nikamsikia akilia. "Pole, mwaitu. Nitakuletea ingine ya mbao."

"Hiyo nyingine itakuwa ya nani?"



Kesho yake nikaenda nyuma ya karakana, kwenye mti ambao Kitonga alikatia miswaki kabla maduka hayajatuletea ya plastiki. Nikakata kijiti, nikakimenya ncha, nikakitia kikombeni. Hakikufaa. Mswaki ambao haujatafunwa si wa mtu, ni kuni.

Basi nikakitoa, nikakaa kizingitini, nikakitafuna polepole mpaka ncha ikawa nyuzi laini. Nilitafunia upande wa kushoto tu, maana Kitonga hakuwa na magego ya kulia. Kisha nikaurudisha mswaki wake kando ya wangu.