Mkwe Aliyetazama Chini

Kwa Pudentienne, ulimwengu uliishia pale mkono wake uliponyooka. Kuanzia hapo kwenda mbele kulikuwa na rangi tu. Mashamba ya mpunga ya Luberizi yalikuwa kijani kinachopumua, ng'ombe walikuwa kahawia inayotembea taratibu, na milima iliyo juu ya Uvira aliisikia tu ikisifiwa. Wala hakulalamika. Alidhani kila mtu anaishi hivyo, ndani ya ukungu wenye sauti, mpaka alipoanza shule na kugundua kwamba wenzake wanasoma ubao wakiwa wamekaa nyuma kabisa.

Mama yake ndiye aliyemfunga mdomo. Nani atamwoa binti mwenye kasoro ya macho? "Ukifika kwao, weye tazama chini tu," alimwambia. Na bahati iliyoje, kwa Warundi wa tambarare ya mto Ruzizi bibi arusi anatakiwa atazame chini! Siku ya arusi Pudentienne aliinamisha uso toka misa hadi jioni, na ukoo mzima wa Havyarimana ukasifu kwamba umepata mke mwenye adabu. Adabu gani, maskini? Hakujua hata ni nani waliokaa meza kuu.

Akaishi nao miaka mitano na hakuna aliyeng'amua. Kwa kazi za karibu hakuwa na mpinzani: kuchagua mawe kwenye mchele, kushona, kutoa mwiba mguuni. Mumewe, Havyarimana, alikufa kwa homa bila kujua. Mamamkwe, Marie-Rose, naye hakujua. Pudentienne akabaki na binti mmoja, Délice, aliyekuwa na miaka minne vita viliposhuka tena tambarare.

Asubuhi hiyo Délice alikuwa shambani na bibi yake. Risasi zilipoanza kulia, jirani alimpigia Pudentienne kelele kwamba wale wawili wameshavuka Ruzizi kuingia Burundi. Jirani alikosea. Pudentienne alikimbia hadi mtoni, akajipenyeza katikati ya watu, magodoro na mbuzi, akapanda mtumbwi. Ng'ambo aliwatafuta siku tatu, akiwasogelea watu mpaka puani, na wengine wakimsukuma. Siku ya nne kwenye simu yake uliingia ujumbe wa Marie-Rose kutoka Uvira. Siku ile ya risasi walikuwa palepale ukingoni, hatua kumi kutoka kwake. Marie-Rose alikuwa amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. "Ulitutazama ku macho, ukapita. Mutoto si wako tena." Baada ya hapo simu haikupokelewa.

Kilichomtesa zaidi haikuwa hasira ya mamamkwe. Ni kwamba mtoto alikuwa juu, hewani, akimtazama mama yake akigeuka na kwenda.

Claire, binti ya shangazi yake, muuguzi kwenye kliniki moja ya macho Nairobi, ndiye aliyemtoa kwenye kambi ya wakimbizi na kumleta kwake. Daktari alimpima, akasema haoni mbali tangu utoto na miwani ingetosha.

"Na miwani ikianguka mtoni?" Pudentienne aliuliza. "Nitapita tena."

Basi wakakubaliana afanyiwe laser, upasuaji wa macho kwa mwali wa mwanga. Walimtia matone ya ganzi, kope zikashikwa zisifumbe, akaambiwa atazame taa ndogo ya kijani na asitikisike. Taa ilikuwa nukta, kisha ikayeyuka na kutanda kama siagi kwenye kikaango, ikawa ziwa zima la kijani, na yeye akaelea juu yake. Mashine iliguguna. Palinuka kama nywele zilizoungua. Katika mwanga ule aliona, au alidhani ameona, mikono miwili imeinua mtoto, naye akataka kuita lakini alikumbuka ameambiwa atulie. Dakika chache, ikawa basi. Alilala mchana kutwa akitiririkwa na machozi yaliyowasha. Kesho yake alisimama dirishani, na mti wa jirani ulikuwa na majani. Moja moja! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba majani huonekana kutoka mbali. Akafurahi, kisha akaona haya, maana alichotaka kuona hakikuwa mti.

Mwaka mmoja na nusu baada ya kukimbia, njia ilipofunguka, alirudi kwa kupitia mpaka wa Kavimvira. Pikipiki ilimpeleka Kasenga, mtaa wa Uvira alikosikia Marie-Rose anaishi, huku milima ikimsogelea bila aibu, ina vijia, na kwenye vijia kuna watu wenye miguu. Alijiona anaota, akamwomba dereva apunguze mwendo.

Aliposhuka alimtambua Marie-Rose kutoka barabarani, amekaa uani kwake na ungo wa mchele. Alipunga mkono. Kumbe hilo ndilo kosa.

"Leo uko naniona toka kule," Marie-Rose alisema, bila kuinuka. "Ile siku ku mto, macho yako ilikuwa wapi?"

"Sikuwa naona, Mama. Tangu utoto. Nilificha. Sasa walinifanyia operasyo."

"Miwani iko wapi? Watu ya macho mabaya wanavaaka miwani."

"Hii operasyo njo inaondoa miwani."

"Bongo, uongo mutupu! Myaka tano uko nachagua majiwe mu muchele wangu kupita watu wote, leo unasema haukuwa naona?" Alitikisa ungo kwa hasira. "Mutoto anatoka ku masomo. Akikukimbilia, muchukue. Akikupita, enda."

Macho mazima ndiyo yaliyomshtaki Pudentienne.

Délice aliingia na sare ya shule, amerefuka, shingo ya baba yake. Alimtazama mama yake usoni. Akapita. Akaingia ndani.

"Umeona?" Marie-Rose alisema, na sauti yake haikuwa na ushindi.

Lakini macho mapya ya Pudentienne yalikuwa yamenasa kitu, na alikitazama tena moyoni: mtoto alifinya kope, mguu ulipapasa ngazi kabla ya kukanyaga, na ule mtazamo haukumtua usoni, uliangukia kando ya sikio. Aliujua vizuri, kutoka upande wa ndani.

"Mama," alinong'ona, "simama pale ku mulango ya barabara. Usimuite. Nyamaza tu. Nifanyie hii moja, kisha nitaenda."

Marie-Rose aliguna, akaenda. Délice akatoka bila mkoba, akaelekea nje kucheza. Alimtazama bibi yake usoni, karibu hatua nane, akapinda kumkwepa kama anakwepa nguzo.

"Délice!" Marie-Rose aliita.

Mtoto aliruka, akamgeukia bibi yake. "Nyogokuru? Kumbe ni weye?"

Marie-Rose aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeogopa jibu: "Ile siku ku mto, nilikunyanyua juu. Nilikuonesha Mama. Ulimuona?"

Délice alifikiri kidogo.

"Hapana. Nilikuwa naona maji tu."

Pudentienne alikaa chini palepale, vumbini. Mwaka mmoja na nusu alikuwa amelala na kuamka chini ya macho ya mtoto anayeachwa, na macho hayo hayakuwahi kuwepo. Alilia kwa sauti bila kujali majirani. Alilia kwa nafuu, na kwa uchungu wa kumrithisha mwanawe ukungu wake. Délice aliifuata sauti ile ya kilio, akasogea, akasogea tena, mpaka pua zao zikagusana.

"Mama," alisema.